Kata Iliyolala Kifudifudi

3 Machi

Shangazi,

Nakuandikia nikiwa chumba cha walimu, kwenye meza yenye mguu mmoja mfupi tuliyoiwekea kitabu cha hesabu cha zamani, kwa hiyo mwandiko ukipanda na kushuka usinicheke. Najua sikio lako la kushoto halisikilizani na simu, ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu. Mimi ni mzima. Magoti yako je, yamekubali dawa ile au bado yanabishana nayo?

Sasa sikiliza. Mwezi huu nafundisha darasa la saba mada ya utumwa, na safari hii sitaki kuwapa tarehe na idadi tu wakakariri kama kasuku. Nataka wajue kulikuwa na watu waliowasaidia wenzao kutoroka. Nyumba moja inampokea mtu, inamficha, inamlisha, kisha inamwelekeza nyumba ya pili, na kila nyumba inaijua ile ya mbele yake tu, ili hata mmoja akikamatwa asiwe na mengi ya kusema. Watoto wa miaka kumi na tatu wanapenda siri kuliko likizo. Watanifuata hadi mwisho.

Nitawasimulia nyumba yetu. Mtungi wa maji pale kibarazani kwa ajili ya wapita njia, na kata ya kuchotea juu ya kifuniko. Kata ikilala chali, mdomo juu, ingieni. Ikilala kifudifudi, piteni, kuna hatari. Na kwamba ya kwetu haikulala kifudifudi hata siku moja. Unakumbuka ulivyonifinya sikio nikiwa na miaka sita kwa sababu nilikigeuza kikombe, wakati nzi walikuwa wanaogelea ndani? Siku hizi naringa nalo sikio hilo.

Njoo tarehe 27, siku ya maonyesho ya shule, uwasimulie wewe mwenyewe. Basi linashusha langoni kabisa. Na kama ile kata ya zamani bado ipo, ije nayo.

Halafu nina mwanafunzi mmoja utampenda. Wenzake wanamwita Saa Sita, kwa sababu huvaa saa ya kiume iliyosimama saa sita kamili. Babu yake ni fundi saa, lakini hiyo hataki kuitengeneza. Binti ana akili kama wembe, ila ana mtindo mmoja unanikera: akitaka kukohoa anaomba ruhusa, anatoka, anafunga mlango, anakohoa huko uani, anarudi. Mara nne katika kipindi kimoja! Nimemwambia akohoe hapo hapo alipo, akanitazama kana kwamba nimemwambia acheze juu ya dawati.

Mwanao,
Mwalimu


11 Machi

Kidomo wangu,

Barua imefika. Mwandiko umepanda na kushuka kweli, nilidhani umeandika ukiwa juu ya punda. Magoti ni yale yale, yananitabiria mvua kabla ya redio. Jirani alinipikia uji jana ukaungua, nikaunywa kwa adabu, nusura nife.

Kuja siwezi. Si magoti peke yake. Mimi si mtu wa kusimama mbele ya watoto. Watanitazama, nitasahau hata jina la baba yangu.

Na kwa nini uiingize nyumba yetu? Wafundishe mambo kwa ujumla. Waambie nyumba ya mfua chuma, nyumba ya mfua nguo, hakuna atakayekuja kukagua. Zilikuwa nyumba nyingi, na ya kwetu haikuwa ya maana kiasi hicho. Marehemu baba yako naye alikuwa hivyo hivyo, akipata kitu cha kujivunia hawezi kula akashiba mpaka mtaa mzima ujue. Kata ya zamani imepasuka, siwezi kuituma.

Yule mtoto mwache atoke akohoe. Kila nyumba ina adabu zake.

Shangazi yako


19 Machi

Shangazi,

Sikukusikiliza. Niliwasimulia, na sasa sijui nimefanya nini.

Mwanzo kilikuwa kipindi kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufundisha. Madawati yakawa nyumba, kila mwenye nyumba nikampa kikombe cha plastiki. Wawindaji wawili wakasubiri nje. Waliotoroka wakapita katikati wakisoma vikombe. Mmoja akauliza kwa nini wasingepigiana simu tu, tukacheka wote. Baada ya dakika kumi hakuna aliyekuwa anacheka. Yule kijana mkubwa wa nyuma, asiyenyamaza hata akiwa amelala, aliwasikia wawindaji mlangoni akakiinamisha kikombe chake kwa woga, na wenzake waliokuwa wanamtegemea wakabaki wamesimama katikati ya chumba hawana pa kwenda. Machozi yalimtoka. Nikasema moyoni, leo wameelewa.

Ndipo nikawaambia habari ya nyumba yenye mtungi, ya mwisho kabla ya daraja, na kwamba ni yetu. Saa Sita akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwetu wanasema kata ya nyumba hiyo iliwahi kulala kifudifudi. Watu wetu walifika alfajiri, wakaiona, wakapita. Wakakamatwa darajani, mama na mtoto mchanga. Mtoto wa pili alijificha kwenye matete, ndiye aliyetuzaa sisi."

Nikamuuliza kwa nini mwenye nyumba afanye hivyo na hatari hakuna. Akasema, "Kwa sababu yule mtoto wa pili alikuwa anakohoa. Walisikia kikohozi wakaogopa kukamatwa naye."

Shangazi, nilimjibu mbele ya watoto arobaini. Nilimwambia, "Pengine kwenu wamekosea nyumba. Sisi hatukuwahi kumfungia mtu." Wengine wakacheka. Akaketi, akaishika ile saa yake. Leo ni siku ya tatu hajaja shule.

Jana babu yake alimwachia mlinzi wa lango kikaratasi. Anauliza nyumba niliyoitaja sasa inakaliwa na nani. Anasema hana ugomvi. Sijamjibu. Niambie nimjibu nini. Ni kweli wamekosea nyumba, sivyo?

Mwanao


24 Machi

Kidomo,

Usimjibu. Mwambie ilikuwa hadithi ya kufundishia tu. Mtoto akirudi muombe radhi taratibu, yaishe.

Huyo fundi saa, ni mrefu? Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kimekatika ncha? Kama siye, usijali swali langu.

Shangazi


30 Machi

Shangazi,

Ndiye. Kidole kimekatika ncha. Wewe umejuaje?

Nimefuta zamu yetu kwenye maonyesho. Nikamwambia mwalimu mkuu nina homa, kisha nikaenda kwa fundi. Duka lake lina upana wa mlango na nusu. Ukutani kuna saa kama thelathini na kila moja inasema lake, kwa sababu yeye huwa haipatanishi saa mpaka mwenyewe aje kuichukua. Alinikaribisha kigoda, akanipa maji. Katikati ya mazungumzo akasema, "Samahani, mwalimu," akainuka, akatoka, akafunga mlango, akakohoa barabarani kati ya watu na baiskeli, akarudi akaketi. Mzee mwenye mvi! Nikaelewa mtoto amejifunzia wapi.

Akasema, "Kwetu ndivyo tunavyolelewa. Kikohozi ndicho kilichotuponza."

Nikamalizia maji yangu. Nikakiweka kikombe mezani chali, bila kufikiri, kama ninavyofanya siku zote. Akakitazama kile kikombe muda mrefu, kisha akanishukuru kwa kuja. Hakuniuliza tena habari ya nyumba.

Nina umri wa miaka thelathini na nne, Shangazi, si wa kufinywa sikio. Nimemwaibisha mtoto wa watu kwa hadithi uliyonipa wewe. Kama ina kipande ulichokibakiza, naomba unipe.

Mwanao


9 Aprili

Mwanangu,

Nimeianza barua hii mara nne. Karatasi nyingine tatu nimewashia jiko.

Walikuwa hawajakosea nyumba.

Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyekuwa mtoto wa nyumba ile wakati huo. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake alikuwa akiwapokea watu na kuwasogeza mbele, lakini yeye hakuambiwa lolote kuhusu kata, kwa sababu alikuwa msemaji mno. Walimwita Kidomo. Jina lako nimelitoa kwake. Waliogopa atalipeleka jambo hilo kisimani. Kwa hiyo alijua tu kwamba siku nyingine kata inalala hivi, siku nyingine vile, akadhani ni uvivu wa watu wazima.

Siku moja kabla, alikuwa amegombezwa kwa kuacha vyombo wazi vikaingiwa na nzi. Alfajiri akaamka mapema ili aonekane mtoto mwema. Akafagia kibaraza, akaiosha kata kwa majivu ikang'aa, akailaza kifudifudi ijichuje maji. Basi. Hakuna lingine lililotokea. Usafi tu.

Mama yake alikuwa nyuma ya nyumba amewawekea watu wake chakula. Akasikia kikohozi cha mtoto kikija njiani. Akasubiri mlango ugongwe. Kikohozi kikafika kibarazani, kikasimama kidogo, kikaendelea mbele. Alipotoka mbio na kuiona kata, walikuwa wameshapinda kona. Kuita kwa sauti asingeweza, mtaa mzima ungeamka. Saa nne asubuhi habari za darajani zikafika.

Hakumchapa. Bibi alisema afadhali angemchapa. Alimshika mkono akampeleka kwenye mtungi, akaigeuza kata chali, akamwambia, "Hapa hailali vile tena." Na haikulala tena. Sasa wewe mwalimu fikiri: nyumba ambayo haiwezi kusema piteni, kuna hatari, itafaa nini kwa kazi ile? Wenzao wakaacha kuwaletea watu. Hilo unalowaambia watoto kuwa ni ushujaa wetu, mwanangu, ndiyo siku kazi yetu ilipokwisha.

Bibi alinisimulia nikiwa na miaka minane, kwa sababu nami niligeuza kikombe. Akanionya nisimwambie mtu. Baba yako nilimwachia ile ya kujivunia, na wewe pia. Ilikuwa nzuri, na nyinyi mlifurahi nayo.

Sasa lile la kidole. Miaka arobaini iliyopita alikuja kijana mrefu, kidole kimekatika ncha, amebeba kisanduku cha vifaa vya saa. Akaomba maji, nikampa. Akaniuliza kama hii ndiyo nyumba ya zamani ya kata, ya kabla ya daraja. Alisema kwao wana jambo wanataka kuuliza, si zaidi. Nilimjua ni nani kabla hajamaliza. Baba alikuwa chumbani amelala mgonjwa, mlango uko wazi, na nikafikiri, akisikia itammaliza. Huo ndio udhuru wangu, nimeutunza vizuri. Nilimwambia, "Umepotea, kaka. Nyumba hiyo siijui." Akashukuru, akaondoka.

Kwa hiyo sikuishia kuficha. Mimi nimewafungia mlango macho yangu yakiona, nikijua. Bibi alikuwa mtoto na hakujua. Mimi nilikuwa mtu mzima. Nimejuta kila mara nilipochota maji, na hukai siku bila kuchota maji.

Msomee fundi barua hii. Usiipunguze.

Shangazi yako


16 Aprili

Shangazi,

Nilimsomea yote, dukani, mlango umefungwa, mjukuu wake akiwa ameketi juu ya kisanduku cha vifaa. Nilipomaliza aliniomba nimwachie karatasi, nikamwachia. Akasema atakuandikia mwenyewe. Uso wake sikuweza kuusoma, nisikudanganye.

Saa Sita amerudi shule. Nilisimama mbele ya darasa nikawaambia kwamba aliyekosea ni mwalimu wao, kwamba kwao walihifadhi ukweli na kwetu tulihifadhi fahari. Nikawasimulia habari ya kata iliyooshwa. Yule kijana wa nyuma akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo mwenye makosa ni nani?" Nikawapa swali hilo kama kazi ya nyumbani, ndivyo tunavyofanya tukishindwa.

Wakati wanaandika, Saa Sita akakohoa. Hakuomba ruhusa. Kikohozi kikavu, nadhani alijilazimisha, mkono umeikamata saa na macho ameyakaza mlangoni. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Akakohoa tena.

Safari hii mimi ndiye niliyetoka nje.

Ungeniambia mapema, Shangazi. Sisemi kwa ubaya. Nasema kwa sababu ndilo neno lililonijaa.

Mwanao


21 Aprili

Dada,

Mimi ni yule fundi saa. Barua yako nimesomewa, kisha nimeisoma mwenyewe mara tatu kwa miwani ya kazi. Uniwie radhi kwa mwandiko, nimezoea vitu vidogo.

Siku ile nilijua. Nilikunywa maji yako, nikakilaza kikombe kifudifudi kama mtu yeyote, nawe ukakigeuza kabla mkono wangu haujaondoka vizuri. Ndipo ukasema nimepotea. Nilitembea hadi darajani, nikasimama hapo. Ningeweza kurudi. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, hasira ndizo zilizonitembeza. Nikajisemea, hata sasa hawa wanatufungia.

Kuna jambo hukulijua, na sikuandikii ili nikuumize, lakini umesema isipunguzwe, basi yangu nayo nisiipunguze.

Sikuja kwa shauri langu. Nilitumwa na mama. Alikuwa kitandani, mapafu yamechoka, na kila alipotaka kukohoa alitulazimisha tumtoe uani, mifupa mitupu, upepo unampiga, kwa sababu hivyo ndivyo babu yake alivyomlea. Babu yake ndiye yule mtoto wa kwenye matete. Alizeeka, akapata wajukuu, na hadi siku ya mwisho alikuwa anamwambia mama, "Ningenyamaza mama yangu angeishi." Ile saa anayovaa mjukuu wangu ilikuwa yake. Ilisimama siku aliyokufa na mama akakataa isiguswe.

Mama alinituma niulize neno moja: ni kikohozi? Hakutaka kingine. Hakutaka kuombwa radhi wala kulipwa.

Nilirudi nikamwambia nyumba ilishabomolewa, hakuna mtu. Nilidhani namwonea huruma. Alifariki miezi mitano baadaye, uani, kwenye kiti, akiwa ametoka kukohoa.

Kumbe ni msichana wa miaka kumi na miwili aliyeosha kata. Nadhani mama angecheka. Alikuwa mwanamke wa kuosha sufuria mara mbili, angemwelewa yule mtoto kuliko sisi wote. Halafu angekohoa pale pale kitandani, kwenye joto.

Siwezi kukuandikia kwamba haina neno. Ina neno. Wala siwezi kukutwisha wewe peke yako, maana wewe ulisema nyumba huijui, na aliyeibomoa ni mimi.

Ninachotaka ni kusikia kutoka kwako, kwa mdomo wako, mbele ya mjukuu wangu, ili akiwasimulia wanawe asiseme alisomewa kwenye karatasi. Mwalimu ameniambia habari za magoti yako, akaniomba mimi nipande basi nije huko. Nimemkatalia. Si jeuri. Watu wetu wameshafika mlangoni kwenu mara mbili. Safari hii njooni nyinyi.

Duka langu linatazamana na posta. Nafungua saa mbili asubuhi.

Fundi saa